Chewa wa Mjomba Hemedi

Kila asubuhi, kabla ya kunywa chai, Mwanaamina alikuwa na kazi tatu. Alifagia uwanja, alichota ndoo mbili za maji bombani, kisha aliingia sebuleni kuhesabu samaki. Kazi mbili za kwanza zilifanywa na kila mtoto katika nyumba za wafanyakazi pale Kibaha. Ya tatu haikufanywa katika nyumba nyingine yoyote, na kwa sababu hiyo Mwanaamina aliipenda mno, na wakati mwingine aliringa nayo shuleni.

Samaki hao hawakuwa wa kuliwa. Waliishi ndani ya tangi la kioo lililowekwa juu ya meza nzito ya mninga, nalo lilijaa maji ya bahari. Ndiyo, maji ya bahari, huko Kibaha, ambako huioni bahari hata ukipanda juu ya paa. Tangi hilo liliachwa na mwalimu mmoja wa kigeni aliyemaliza mkataba wake wa kufundisha baiolojia katika shule ya sekondari. Baba yake Mwanaamina, Mzee Mfaume, alikuwa mtunza maabara wa shule hiyo. Yeye ndiye aliyekuwa akilisafisha tangi miaka yote, kwa hiyo mwalimu alipoondoka alimwachia yeye, pamoja na pampu ndogo ya umeme ya kupuliza hewa majini.

Chini ya tangi kulikuwa na mchanga mweupe na mawe yenye matumbawe hai. Kati ya mawe hayo aliishi mnyama laini mwenye mikono mingi, anayefanana na ua. Samaki wawili wa rangi ya chungwa walilala katikati ya mikono yake bila kudhurika. Hao waliitwa Bwana na Bibi. Juu yao waliogelea samaki sita wadogo wa rangi ya kijani, wembamba, ambao walikwenda kulia pamoja na kushoto pamoja. Ilikuwa mwaka 1974, na kila mtu alikuwa akizungumza habari za kuhamia vijijini, kwa hiyo watoto waliwaita samaki hao Kijiji.

Kwenye mchanga kulikuwa na shimo, na ndani ya shimo aliishi kamba mmoja mchapakazi lakini asiyeona vizuri. Kamba huyo alichimba na kutoa mchanga mchana kutwa. Mlangoni alikaa samaki mmoja wa rangi ya udongo, akitazama huku na huku. Hatari ikitokea, samaki alitikisa mkia, na wote wawili walizama shimoni. Samaki huyo aliitwa Mgambo, na hakuna jina lililomfaa zaidi.

Wote hao walichaguliwa na Mzee Mfaume, na alichukua miaka miwili kuwachagua. Hakuna samaki aliyeingia tangini kabla maswali matatu hayajajibiwa. Huyu anakula nini? Atakua afikie ukubwa gani? Na akikaa na wenzake, nani atamkimbia nani? Hata aliyefaulu maswali yote matatu alikaa kwanza siku saba kwenye beseni, ili ionekane kama ana ugonjwa.

"Mimi ningependa tumweke kitatange," Marselina alisema siku moja. Marselina alikuwa rafiki yake Mwanaamina, wote wakiwa darasa la sita, na ndiye aliyewalisha samaki kila siku saa kumi jioni. Alikuwa ameona picha ya kitatange kwenye kitabu, mwenye mistari ya manjano na myeusi.

"Ni mzuri, sikatai," Mzee Mfaume alijibu. "Lakini vitatange wengi hudonoa matumbawe. Tutakuwa tumemkaribisha mgeni anayekula nyumba."

"Na kikande?"

"Kikande ana meno, na ana hasira. Huyo akae baharini na hasira zake."

Marselina aliandika majibu hayo kwenye daftari lake. Aliandika kila kitu. Alizaliwa Kwala, akahamia Kibaha akiwa na miaka sita baba yake alipopata kazi kwenye mabanda ya kuku, na tangu hapo hakuwahi kufika mbali zaidi. Bahari yote aliyoijua ilikuwa ndani ya tangi lile. Siku ya kwanza kuliona, alichovya kidole majini, akakilamba, akasema kwa mshangao, "Kumbe ni kweli."

Mwezi wa Novemba Mzee Mfaume aliitwa kwenye semina ya wiki mbili mjini Morogoro. Jioni kabla ya kuondoka aliwaita wasichana wote wawili mbele ya tangi.

"Mwanaamina, utahesabu asubuhi. Marselina, utalisha jioni na kufunga mfuniko vizuri, maana samaki wengine huruka, na paka wa jirani hana haya. Mtaandika humu," akawapa daftari la kurasa nyingi. "Na jambo moja tu: samaki mpya asiingie hadi nitakaporudi. Mmenielewa?"

"Tumekuelewa, Baba," walijibu pamoja.

"Mkilitunza vizuri, Jumamosi inayofuata baada ya mimi kurudi tutapanda lori la Shemeji Hemedi hadi Msasani. Mtachagua wenyewe samaki wawili kwa wavuvi."

Mwanaamina alifurahi, lakini yeye alikwisha kwenda Dar es Salaam mara nyingi kwa shangazi yake. Marselina alikwenda hadi nje ya mlango, akarukaruka huko peke yake, kisha akarudi ndani akiwa ametulia kama mtu mzima.

Mjomba Hemedi, kaka yake mama yake Mwanaamina, alikuwa dereva wa lori la chama cha ushirika. Alibeba korosho kutoka Kurui na Kibuta, huko Kisarawe, akazipeleka Dar es Salaam. Siku za Jumamosi alipeleka bidhaa Mlandizi, na akiwa njiani alisimama Kibaha. Kila Jumamosi alileta madebe matatu ya maji ya bahari kwa ajili ya tangi. Hakuwahi kulipwa hata senti, na hakuwahi kukosa. Bila maji yake, tangi lingekufa ndani ya mwezi mmoja.

Jumamosi ya kwanza baada ya Mzee Mfaume kuondoka, honi ya lori ililia saa nne asubuhi. Mama yake Mwanaamina, Bi Mboni, alikuwa ameenda dukani kupanga foleni ya sukari. Marselina alikuwa parokiani kwenye mafundisho ya kipaimara. Mwanaamina alitoka mbio peke yake.

"Shikamoo, Mjomba!"

"Marahaba, mama. Hujambo? Njoo uone nilichokuletea."

Mjomba Hemedi aliteremka akiwa amekumbatia ndoo. Ndani yake alikuwamo samaki mwenye urefu wa kiganja, mnene, wa rangi ya kahawia yenye madoadoa. Macho yake yalimtazama Mwanaamina bila kupepesa.

"Chewa!" Mjomba alitangaza. "Mtoto wa chewa. Wavuvi walimtoa kwenye dema, ule mtego wao, nikiwapo palepale. Wakataka kumtupa kwa sababu ni mdogo, nikawaambia hapana, huyu ana kwao Kibaha. Utingo wangu amempakata tangu Msasani mpaka hapa. Tumembadilishia maji mara tatu njiani!"

Mwanaamina alilijua agizo la baba yake. Alijua pia kwamba chewa mkubwa hununuliwa kwa vipande, na kwamba mdomo wa huyu mdogo tayari ulikuwa mpana kuliko inavyofaa. Maneno yalimjia mpaka kwenye ncha ya ulimi: Mjomba, baba amesema tusiingize samaki.

Hakuyasema. Kwao Uzaramoni mjomba ni mtu mzito. Anachokitoa mjomba hupokewa kwa mikono miwili na kwa goti, kiwe kizuri au kibaya, na mtoto haulizi. Tena Mjomba Hemedi alikuwa mwepesi wa kuona amedharauliwa. Mwaka uliopita jirani mmoja alimrudishia kikapu cha mihogo akisema ni michungu, na tangu siku hiyo Mjomba hakukanyaga tena kwenye ua wa jirani huyo. Je, akirudishiwa chewa wake? Nani ataleta maji?

"Ahsante, Mjomba," alisema Mwanaamina, akapiga goti, akapokea ndoo.

Akadhani atamweka chewa kwenye beseni siku saba, kama kawaida. Lakini Mjomba alisimama sebuleni akisubiri, mikono nyuma, uso umejaa furaha ya mtu aliyeleta kitu cha maana.

"Mtie, mama, mtie aone nyumba yake."

Basi akamtia. Chewa alishuka polepole, akalizunguka jiwe kubwa mara moja, akaingia kwenye pango lililokuwa chini yake na kutulia. Haukuonekana hata mkia.

"Umemwona?" Mjomba alisema. "Mstaarabu kabisa. Wala hana makuu."

Lori lilipoondoka, Mwanaamina alifungua daftari, akashika kalamu, akaifikiria nafasi ya kuandika *samaki mpya*. Akaifunika kalamu. Chewa ni mdogo, alijiambia, na baba akirudi nitamwambia. Mama aliporudi na sukari, hakuambiwa. Marselina alipokuja saa kumi kulisha, hakuambiwa pia, na kwa kuwa chewa alijificha, hakumwona.

Jumatatu asubuhi Mwanaamina alihesabu Kijiji. Walikuwa watano. Alihesabu tena, akazunguka upande wa pili wa kioo, akahesabu kwa kidole. Watano. Aliandika *5* kwenye daftari. Jumanne walikuwa watano. Jumatano wakawa wanne.

Jioni hiyo alimulika pango kwa tochi ya mama yake. Chewa alikuwa ndani, tumbo limevimba kidogo, amelala kama mzee aliyeshiba. Mwanaamina aliogopa. Alichukua vipande vya kamba vilivyohifadhiwa kwenye friji ya maabara kwa ajili ya chakula cha samaki wote, akamwangushia chewa vipande vitano vikubwa, akiamini kwamba akishiba hatagusa wenzake. Chewa alikula vyote vitano. Alhamisi asubuhi Kijiji kilikuwa na samaki watatu.

Siku hiyo Bi Mboni alilichungulia daftari alipokuwa akipangusa meza. Hakuwa mtaalamu wa samaki, lakini namba alizijua vizuri. Saa kumi, Marselina alipobisha hodi, alimkuta amekaa kwenye kiti mbele ya tangi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Marselina, samaki watatu wamepotea. Asubuhi Mwanaamina anakuta wamepungua, na wa mwisho kugusa mfuniko jioni ni wewe. Unaufunga kweli?"

"Nafunga, Mama. Naweka na jiwe juu yake."

"Mbona paka wa jirani nimemkuta juzi dirishani?"

"Mimi nafunga, Mama," Marselina alirudia. "Mwanaamina anajua. Mwanaamina, si unajua?"

Mwanaamina alikuwa amesimama mlangoni, na sare yake ya shule bado mwilini. Huo ndio ulikuwa wakati wake. Neno moja lilitosha. Msomaji, usimcheke upesi, maana wengi wetu tumewahi kusimama pale alipokuwa amesimama. Alitazama sakafu. Akasema, "Mimi sijui."

Bi Mboni hakuwa mkali, lakini alikuwa mtu wa kukata shauri. "Basi pumzika kwanza, mwanangu, mpaka baba yenu arudi. Yeye ndiye ataamua. Hata hiyo safari ya Msasani ataiamua yeye."

Marselina alitoa mfukoni kijiko kidogo alichokitumia kulishia, akakiweka juu ya meza. Alikwenda zake bila kukimbia. Mwanaamina alimwona kupitia dirishani akipita njia ya mabandani, akijifuta uso kwa mkono wa gauni.

Usiku ule Mwanaamina hakulala vizuri, na alistahili kutolala. Ijumaa kabla jua halijachomoza aliamka na kwenda moja kwa moja kwenye tangi. Mwanga ulikuwa wa kijivu, wa kutosha kuona. Mgambo alikuwa mlangoni pa shimo lake, akitazama huku na huku kama siku zote. Pembeni ya jiwe kubwa madoadoa yalisogea. Chewa alikuja polepole kabisa, kama mtu asiye na haraka. Kisha mdomo ulifunguka na kujifunga, na Mgambo hakuwapo tena. Mkia wake ulibaki umechomoza kidogo katikati ya midomo ya chewa, ukatikisika mara mbili, ukaingia.

Shimoni, kamba alitoa kichwa na mzigo wake wa mchanga. Alipapasa kwa sharubu mahali ambapo Mgambo hukaa. Akapapasa tena. Kisha akarudi ndani.

Mwanaamina alilia kwa sauti. Bi Mboni alitoka chumbani akifunga khanga, akidhani kuna nyoka. Mwanaamina alimwambia yote, kuanzia honi ya Jumamosi hadi mkia wa Mgambo. Bi Mboni alisikiliza mpaka mwisho.

"Samaki ni samaki," alisema. "Na Mjomba wako nitazungumza naye. Lakini mimi jana nimemdhulumu mtoto wa watu nyumbani mwangu, na wewe ulikuwa umesimama pale unasikia. Hilo ndilo linaloniuma."

"Nisamehe, Mama."

"Si mimi wa kuombwa kwanza. Ukitoka shule tutakwenda wote wawili."

Saa tisa walikwenda. Bi Mboni alijitanda vizuri, kama anayekwenda kwenye jambo rasmi. Walimkuta Marselina nje ya nyumba yao akipepeta mchele, na mama yake jikoni. Bi Mboni alimwomba radhi mtoto huyo mbele ya mama yake, bila kuzunguka. Kisha akamsogeza Mwanaamina mbele.

"Nilijua," Mwanaamina alisema. "Nilijua si wewe. Mjomba alileta chewa, nikamtia, sikuandika. Jana uliponiuliza nilijua, nikasema sijui. Naomba unisamehe, Marselina."

Marselina aliendelea kupepeta. Makapi yaliruka, kuku wakaja. "Nimesikia," alisema.

Hakutabasamu, wala hakumshika mkono. Alipepeta mara mbili tatu zaidi, kisha ungo ukasimama.

"Huyo chewa bado yumo ndani?"

"Yumo."

"Na Bwana na Bibi?"

"Wapo. Mgambo amekwisha."

Marselina alimkabidhi mama yake ungo. "Twendeni sasa hivi. Nimeandika daftarini: chewa huwinda giza likianza kuingia."

Walipofika, Mwanaamina alitaka kuyaondoa mawe, lakini Marselina alimzuia, maana matumbawe yangevunjika. Aliomba chupa pana ya mdomo mkubwa, ile ya kutilia achari. Alitia ndani kipande cha kamba, akaizamisha taratibu mpaka ikalala juu ya mchanga karibu na pango, mdomo ukielekea mlangoni. Wakazima taa na kukaa kimya sakafuni. Walisubiri mpaka mwanga wa jioni ukaanza kupungua. Chewa alitoa kichwa, akafikiri, akaingia chupani kwa raha zake kufuata chakula. Marselina aliziba mdomo wa chupa kwa kiganja, akaiinua.

Chewa alilala ndani ya ndoo yake ileile, mrija wa pampu ukipuliza hewa pembeni. Marselina alichukua kijiko chake mezani, akawalisha samaki waliobaki, akafunga mfuniko, akaweka jiwe, akaenda zake.

Kesho yake lori lilifika, na Mzee Mfaume alishuka kutoka upande wa abiria. Semina ilikuwa imekwisha, na alimsubiri shemeji yake barabarani pale Mlandizi, wakarudi pamoja. Wanaume walipokaa na kuletewa chai, Mwanaamina alisimama mbele yao na kusimulia yote kwa mara ya tatu. Unaweza kudhani mara ya tatu ni rahisi, lakini hii ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu Mjomba Hemedi alikuwa akimtazama.

Mjomba aliweka kikombe chini. Chai ilikuwa bado imejaa.

"Kwa hiyo zawadi yangu imeua samaki wanne."

"Si zawadi, Mjomba. Ni mimi. Nilijua maswali, sikuyauliza."

"Na mimi nina kosa, Shemeji," Mzee Mfaume aliongeza. "Miaka miwili unatuletea maji, sijawahi kukukalisha nikakueleza samaki gani anafaa na gani hafai. Nilikuwa naona haya kukufundisha, wewe ni shemeji yangu mkubwa."

Mjomba Hemedi akanyanyuka, akateremsha madebe matatu ya maji, akabeba ndoo ya chewa na kuondoka. Neno alilolisema lilikuwa moja tu: "Haya." Lori liliunguruma likapotea.

Wiki hiyo ilikuwa ndefu. Mzee Mfaume alimwambia Mwanaamina kwamba safari ikiwapo, yeye hatakwenda. Mwanaamina hakubisha. Aliona kwamba ni haki, na jambo lililomwumiza halikuwa kukosa safari. Aliogopa kwamba Jumamosi lori halitasimama, kwamba Marselina hataiona bahari, na kwamba tangi litakauka pamoja na hao wachache waliobaki. Na yote hayo, alijiambia, ni kwa sababu ya neno moja alilolimeza.

Jumamosi alfajiri, saa kumi na mbili kasoro, honi ililia. Haikuwa saa ya kawaida. Mwanaamina alikimbilia mlangoni. Mjomba Hemedi alikuwa ametoa kichwa dirishani.

"Abiria wangu wako wapi? Nimelala Mlandizi makusudi ili niwapitie. Mfaume! Toka bwana, maji yamekupwa mapema leo!"

Marselina alikuwa tayari amekaa kwenye ngazi ya nyumba tangu saa kumi na moja, gauni la kanisani mwilini, na daftari mapajani. Alipanda lori akakaa katikati ya watu wazima wawili. Mwanaamina alibaki nyumbani. Alifagia uwanja, akachota maji, akahesabu: Bwana, Bibi, na watatu wa Kijiji. Alisafisha kioo kwa kitambaa, akaangalia shimo la kamba, akaandaa beseni kwa ajili ya wageni. Jua lilikwenda polepole siku hiyo.

Walirudi saa kumi alasiri. Mjomba Hemedi ndiye aliyeingia wa kwanza, amebeba ndoo, na alianza kusema kabla hajaamkiwa.

"Mwanaamina, mwenzako huyu amenivunjia heshima mbele ya wavuvi wote wa Msasani!"

Mwanaamina alishtuka. Marselina, nyuma yake, alikuwa amejiinamia.

"Nilimchagulia samaki mmoja wa bluu, akasema, 'Samahani, Mjomba, huyu atakua mkubwa mno.' Nikamchagulia mwingine, akasema, 'Samahani, Mjomba, huyu hapendi wenzake.' Wa tatu nilimpata mwenyewe kwa mkono, nimelowana mpaka kiunoni. Akamtazama, akafungua daftari lake, akasema, 'Mjomba, ahsante sana, lakini huyu hula kamba.' Wavuvi walinicheka mpaka wakakaa chini!"

Kisha akaitua ndoo, na sauti yake ikabadilika. Akamsogelea mpwa wake.

"Nikuambie, mama. Mimi kazi yangu ni gari. Gari langu linakunywa dizeli. Siku moja nikikosea nikaanza kutia petroli, na utingo wangu akaniona, akasema moyoni, huyu ni mkubwa wangu, ngoja ninyamaze. Gari likiharibika njiani, utingo amenipa heshima gani? Wiki ile niliondoka hapa nimeudhika, nakubali. Lakini njia nzima nilijiuliza ni nani aliyeniudhi, nikaona si wewe uliyesema, ni wewe uliyenyamaza. Ukinipokea kwa magoti nikiwa nakosea, na unajua nakosea, hujaniheshimu. Umeniacha nikosee. Na ukamwacha mwenzio abebe mzigo usio wake. Mkubwa yeyote anayekupenda, mwambie kweli. Mwambie kwa adabu, kama huyu leo alivyoniambia, na usiogope sura yake. Itapoa."

"Nimekusikia, Mjomba," alisema Mwanaamina. Machozi yalimtoka, naye hakuyaficha.

"Basi. Sasa nileteeni chai, wiki ile sikuimaliza."

Ndani ya ndoo mlikuwa na samaki wadogo wawili. Walitiwa kwenye beseni ambako wangekaa siku saba. Mmoja alikuwa wa rangi ya udongo, na Mzee Mfaume alisema kamba akibahatika watakubaliana, na asipobahatika atajichimbia peke yake.

Watu wazima walikwenda kunywa chai. Marselina alibaki amechuchumaa mbele ya beseni. Miguu yake ilikuwa na mchanga mpaka magotini, na gauni la kanisani lilikuwa na mstari mweupe wa chumvi. Mwanaamina hakujua kama aende au akae. Alikaa.

"Haina mwisho," Marselina alisema bila kugeuka. "Nilidhani nitaona ng'ambo. Hakuna ng'ambo. Na ina sauti, wewe, hata usipoifanya kitu inapiga kelele tu yenyewe."

Mwanaamina alikuwa ameiona bahari mara nyingi, na kelele zake alizijua.

"Niambie," alisema, akasogea karibu, akamsikiliza mpaka giza likaingia.